Barua ya wazi kwa kampuni yangu ya bima: nusu kwa nusu si uamuzi

KWA: Mkurugenzi Mkuu
NAKALA: Mkuu wa Idara ya Madai, pamoja na wakadiriaji hasara wote wanaofanya kazi kwa niaba ya kampuni

YAH: KUBEBESHWA NUSU YA KOSA NISILOLITENDA, NA GHARAMA ZA MATENGENEZO ZILIZOKATWA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mteja wako wa bima kubwa, na huu ni mwaka wa 11. Sijawahi kuchelewesha malipo, na kabla ya ajali hii sikuwahi kudai chochote. Nimeiandikia idara yako ya madai barua 4, nimefika kaunta mara 2, na simu niliacha kuzihesabu. Kila mara nimejibiwa sentensi ileile: "Suala lako limefungwa kwa msingi wa 50 kwa 50." Nimeona sasa niandike hadharani. Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu sitafuti kumwaibisha mtu. Nataka faili lifunguliwe.

Naomba kwanza nieleze kilichotokea, maana nina wasiwasi kwamba hujawahi kusomewa.

Nilikuwa kwenye maegesho, katika njia ya kati, naelekea kutoka. Mbele yangu mama mmoja akaanza kuvuka akisukuma kigari cha mtoto. Nikasimama, mguu kwenye breki. Gari lililokuwa limeegeshwa upande wangu wa kulia likaanza kurudi rivasi. Nikapiga honi. Likaendelea kuja taratibu, mwendo wa mtu anayetembea, hadi kona ya bampa lake la nyuma ikaingia kwenye kona ya mbele ya gari langu, pale bampa linapokutana na madigadi, chini ya taa. Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa ndoo ya plastiki iliyokanyagwa.

Dereva alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Aliteremka mikono ikitetemeka. Nikamwambia, "Pole mzee, hujaumia?" Akasema, "Sijaumia mwanangu, sikukuona kabisa." Tukapeana namba za simu na za bima. Nikapiga picha 9 kabla gari lolote halijasogezwa. Yule mama wa kigari akaja mwenyewe, akanipa namba yake, akasema yuko tayari kueleza alichokiona. Kwa kweli niliondoka pale nikiamini hili ni jambo la wiki mbili.

Huu ni mwezi wa tano. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kosa limegawanywa bila mtu yeyote kulipima.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo naomba uvumilie nikilirefusha.

Nimefanya kazi ya makaratasi ya meli kwa miaka 18, na huko historia ya hii nusu kwa nusu inajulikana vizuri. Zamani, meli mbili zikigongana na zote zikaonekana zina kosa, mahakama za Uingereza na Marekani ziligawa hasara katikati, hata kama moja ilikosea kidogo na nyingine ilikosea sana. Ilikuwa kanuni rahisi kwa anayeamua na chungu kwa anayelipa. Mkataba wa Brussels wa 1910 kuhusu migongano ya meli ukaibadilisha: kila meli ibebe hasara kwa kadiri ya kosa lake, na kugawa sawa kubaki pale tu ambapo makosa yanalingana au kipimo kimeshindikana. Uingereza ikayaweka hayo kwenye sheria yake mwaka 1911. Marekani iling'ang'ania nusu kwa nusu hadi 1975, Mahakama yake ya Juu ilipoitupa.

Na hata ile kanuni ya zamani ilitaka kwanza meli zote mbili ziwe zimekosea. Meli iliyotia nanga mahali pake ikigongwa na meli inayotembea, dhana ya kuanzia ni kwamba iliyotembea ndiyo yenye kosa, nayo ndiyo itakayojieleza. Ndugu Mkurugenzi, mimi nilikuwa nimetia nanga.

Nchi kavu hali ni hiyohiyo. Uingereza, hadi 1945, mtu aliyechangia ajali hata kwa kosa dogo angeweza kunyimwa fidia yote. Sheria ya mwaka huo ikaelekeza fidia ipunguzwe kwa kiasi cha haki, kwa kuangalia sehemu ya kosa ya kila mmoja. Kugawa kosa kulianza kama kazi ya kupima. Nimeomba mara 4 nioneshwe kipimo chenu: nilikosea nini kinachofikia nusu? Nilisimama vibaya? Nilipaswa kumgonga yule mama ili nipishe? Sijajibiwa hata mstari mmoja.

Kuhusu anayerudi nyuma, Mkataba wa Vienna wa 1968 wa trafiki ya barabarani, katika kifungu cha 14, unamtaka dereva anayetaka kurudi nyuma ahakikishe kwanza kwamba anaweza kufanya hivyo bila kuwahatarisha wala kuwazuia wengine. Mzigo wa kutazama umewekwa kwake, kwa sababu ndiye anayeingiza gari mahali asipopaona vizuri.

2. Ushahidi mliuacha ukapotea, kisha mkasema haupo.

Maegesho yale yana kamera juu ya nguzo, na moja inatazama pale pale tulipogongana. Siku ya pili baada ya ajali niliwaandikia niwaombe mtoe barua ya kuomba picha hizo, kwa kuwa msimamizi wa maegesho aliniambia hawezi kumpa mtu binafsi, ila kampuni ya bima atawapa. Akaniambia pia kwamba mashine hujifuta kila baada ya siku 14. Hayo yote niliyaandika kwenye barua yangu. Barua yenu kwake ilitoka siku ya 23.

Yule mama hajapigiwa simu hadi leo. Namba yake iko kwenye fomu ya madai, ukurasa wa pili, kwenye kisanduku cha mashahidi. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe kuniuliza yaliishia wapi.

Zikabaki alama kwenye bodi zenyewe, ambazo hazikumhitaji shahidi wala kamera. Fundi yeyote wa kunyoosha bodi atakwambia kwamba gari likikwaruzwa huku linatembea, alama huburuzika: mkwaruzo mrefu, rangi imevutwa kuelekea upande mmoja. Yangu ni tundu la mviringo, upana wa kiganja, limeingia ndani moja kwa moja na pembeni yake rangi haijavutika. Kwenye bampa la yule mzee kuna doa moja la rangi yangu, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Kama ningekuwa nasonga mbele wakati ule, doa lile lingekuwa mstari. Mkadiriaji wenu aliangalia picha 4 kati ya 9 nilizotuma, akiwa ofisini. Gari langu hakuligusa, na la mzee hakuliona.

3. Neno "pole" limegeuzwa kuwa kukiri kosa.

Kwenye faili nililofanikiwa kusomewa kaunta, maelezo kutoka upande wa pili yanasema: "Dereva huyo aliomba radhi papo hapo." Nami nilipouliza kosa langu liko wapi, ofisa aliyenihudumia alinionesha mstari huo.

Ndugu Mkurugenzi, wewe na mimi tunaongea lugha moja. Pole hupewa aliyefiwa, aliyejikwaa, anayekohoa, aliyechoka na safari. Anayesema pole hajasema yeye ndiye aliyeua, aliyeweka jiwe njiani au aliyeleta kikohozi. Kuomba radhi kuna maneno yake: samahani, nisamehe, niwie radhi, nimekosa. Sikutamka hata moja kati ya hayo, kwa kuwa sikuwa na la kuombea. Niliona mzee anatetemeka, nikampa pole. Kama ofisi yako itakuwa inahesabu pole kuwa ungamo, basi waandikieni wateja kwamba wakigongwa wanyamaze na wasimjulie hali mtu aliyeumia. Mimi kesho nikikuta mtu anatetemeka nitampa pole tena.

Yule mzee simlaumu kwa hilo. Nadhani alimweleza mtu kwa simu, na huyo mtu akaandika alivyoelewa yeye.

4. Makadirio yaliishia kwenye ganda.

Hapa naomba wanaoidhinisha malipo wasome taratibu. Bampa la magari ya sasa ni ganda la plastiki linaloweza kubonyea likarudi. Likirudi, kwa nje unaona mkwaruzo tu. Nyuma ya ganda hilo kuna sponji ngumu ya kunyonya kishindo, nyuma ya sponji kuna mhimili wa chuma au alumini, na pembeni kuna vishikizo vya taa, nyaya, vihisi vya kuegeshea na rada. Mkadiriaji aliona plastiki, akaandika: kupiga puti, kupiga rangi, basi.

Fundi alipofungua bampa nilikuwa nimesimama pembeni yake. Sponji ilimegukia mkononi mwake, ikadondoka vipande sakafuni. Taa ya kulia ilionekana nzima, kioo chake hakina hata ufa, lakini kati ya masikio 3 yanayoishika, 2 yalikuwa yamekatika. Ukiisukuma kwa kidole inacheza kama jino bovu. Kishikizo cha rada ya kona kilikuwa kimepinda, upindaji ambao jicho linauona ukiweka rula.

Huo upindaji ndio uliozua mgogoro mkubwa, kwa sababu mliuita "usio na athari ya kiutendaji". Rada ile ndiyo inayolisaidia gari kujua kama kuna kitu kinakuja kutoka pembeni. Ikielekezwa vibaya kwa nyuzi 1 tu, kwenye umbali wa mita 50 inakuwa imekosea kwa karibu sentimita 87. Hiyo ni zaidi ya upana wa mwendesha baiskeli. Kishikizo lazima kibadilishwe, kisha rada ipimwe na kurekebishwa upya kwa kifaa maalumu, na kazi hiyo inalipiwa. Fundi aliwatumia picha na ankara ya nyongeza siku ileile. Jibu lenu: "Uharibifu huo haukuonekana wakati wa ukaguzi." Ungeonekanaje, na bampa halikufunguliwa?

5. Makato ya uchakavu.

Gari lina miaka 6, kwa hiyo mkakata kiasi kwa kuwa spea mpya "zinaliongezea gari thamani". Kanuni ya fidia ya bima inajulikana, na mahakama ya Uingereza iliiweka wazi mwaka 1883 katika kesi ya Castellain na Preston: mwenye bima arudishiwe hasara yake kikamilifu, asizidishiwe. Nakubali kwamba nisizidishiwe. Kwa tairi lililolika naelewa makato. Sikio la taa halichakai. Lilikuwa linashika taa asubuhi ya siku ile, na jioni lilikuwa limekatika.

6. Hesabu yenyewe.

Ili nisitaje fedha, tuchukulie ankara ya gereji ni 100. Mliidhinisha 45. Mkatoa 7 za uchakavu. Mkatoa 10 ambazo kwa mkataba nabeba mwenyewe katika kila dai. Mkalipa 28. Mimi nikatakiwa kutafuta 72. Na kwa kuwa mmekubali kwa niaba yangu kwamba nusu ya kosa ni yangu, katika zile 10 nitarudishiwa 5 tu, zikipatikana. Juu ya hayo nimepoteza punguzo la kutodai nililolijenga kwa miaka 10, na ada ya mwaka ujao imepanda. Kwa ofisi yako nusu kwa nusu ni njia ya kufunga faili. Kwangu ni deni, na ni alama ya "dereva mwenye kosa" nitakayotembea nayo hata nikihamia kampuni nyingine.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nimeshapewa.

Mtasema ilikuwa neno lake dhidi ya langu. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na shahidi wa tatu, kamera, picha 9 na magari mawili yenye alama. Limekuwa neno dhidi ya neno baada ya hayo mengine yote kuachwa.

Mtasema maegesho ni eneo binafsi, sheria za barabarani hazifiki. Hata zisingefika, wajibu wa kutazama unakokwenda haupotei mtu akivuka geti. Bima yenu yenyewe inakubali kulipa ajali za maegesho, kwa hiyo ikubali pia kuzichunguza.

Mtasema hakuna ripoti ya polisi. Fomu yenu inasema ripoti inahitajika pale kuna majeruhi au pande mbili hazikuelewana. Pale hakuna aliyeumia, na hakuna aliyebisha. Ubishi ulizaliwa ofisini wiki 3 baadaye.

Mtasema hasara ni ndogo mno kuigharimia uchunguzi, na kwamba kampuni za bima zina maelewano yao ya kumaliza mambo madogo. Hili ndilo jibu la kweli, nadhani, na ndilo linaloniuma. Naelewa kwamba kumtuma mtu kunaweza kugharimu kuliko bampa. Lakini maelewano hayo mimi sikuyatia saini, wala sikuelezwa nilipokata bima. Mimi nilipojaza fomu ya maombi nilitakiwa kusema kila kitu, hadi makosa ya barabarani ya zamani, kwa sababu bima ni mkataba wa nia njema. Jaji Mansfield wa Uingereza alilisema hilo mwaka 1766 katika kesi ya Carter na Boehm, na alisema nia njema hiyo inazifunga pande zote mbili. Mimi nilitimiza upande wangu. Kumficha mteja kwamba dai lake dogo halitachunguzwa, kisha kumpandishia ada kwa matokeo yake, sioni linaingiaje kwenye nia njema.

Na mtu asiniambie jambo ni dogo. Ajali za namna hii, za bampa na taa, ndizo wengi wetu tutakazozipata maishani. Wengi watakutana na kampuni yako kwa mara ya kwanza na ya mwisho kupitia bampa lililobonyea.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Faili langu lifunguliwe upya na likabidhiwe mkadiriaji mwingine, atakayeyaona magari yote mawili kwa macho yake na kumpigia simu shahidi.

(b) Uamuzi wowote utakaofuata uandikwe, ukitaja nilichokosea na ni kwa kiasi gani. Nikioneshwa kwamba nina kosa la sehemu 20 kwa 100, na sababu zikaandikwa, nitaikubali na kuilipia.

(c) Ankara ya nyongeza ya taa, kishikizo na marekebisho ya rada ijibiwe kipengele kwa kipengele, na makato ya uchakavu yaondolewe kwenye vitu visivyochakaa.

(d) Nikionekana sina kosa, nirudishiwe kile nilichokibeba mwenyewe, na punguzo langu lirudishwe lilipokuwa.

(e) Kwa wateja wengine wote: maombi ya picha za kamera yatoke ndani ya saa 48 tangu dai lipokelewe, na mteja aulizwe kwanza kabla kampuni haijakubali sehemu yoyote ya kosa kwa jina lake.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipokuja, nitapeleka nakala ya barua hii na viambatisho vyake kwa mamlaka inayosimamia bima, na nafasi ya kulimaliza wenyewe itakuwa imepita.

Gari lipo nyumbani, taa nimeifunga kwa waya kwa muda na silitumii usiku. Bampa la zamani sijalitupa. Liko gereji, limefunikwa kwa turubai, na ile alama ya mviringo bado inaonekana. Yule mzee naye amenihakikishia kwa simu kwamba lake hajalipiga rangi, na kwamba akiulizwa atasema kama alivyoniambia siku ile, kwamba hakuniona. Mkadiriaji aje na tochi na rula. Nusu saa itamtosha.

Wako mwaminifu,

Mteja wako wa mwaka wa 11